Spika Moja Kila Nyumba

Vijana wangu wa ufundi hapa Mpanda, mmekuja nyumbani na daftari mkitaka niwaandikie namna ya kuunganisha amplifaya na spika za kusimama, zile ndefu za kufika kiunoni. Mnasema siku hizi watu wameanza kuziibua tena kwenye stoo za baba zao, na nyie mmezoea spika za kuchaji tu. Nimekubali. Lakini mimi ni mzee, mikono inatetemeka, sikio la kushoto limeshafunga duka, na kila nikianza kuandika habari za waya najikuta naishia palepale. Nivumilieni. Nitawapa mlichoomba, halafu nitawapa na ambacho hamkuomba.

Kabla hujagusa waya, geuza spika uangalie mgongo wake. Kuna kibandiko kinachosema ni ya omu ngapi, yaani inauzuia umeme kwa kiasi gani. Kama kibandiko kimeliwa na mende, chukua mita upime. Spika ya omu nane itakusomea sita au saba hivi, ya omu nne itasoma tatu na kitu. Usishangae ikisoma pungufu, ndivyo zilivyo. Kisha geuza amplifaya nayo usome inataka omu ngapi. Amplifaya haiogopi namba kubwa, inaogopa namba ndogo. Ukifunga spika mbili za omu nane sambamba kwenye tundu moja, yenyewe inaona omu nne. Ukifunga nne, inaona mbili, na hapo unaanza kunusa harufu.

Miaka ya tisini, wakati bado tuko mkoa wa Rukwa, watu wa hapa walinunua amplifaya kwa uzito. Kweli kabisa. Mtu anaingia dukani, anainyanyua, akiona nyepesi anaiweka chini. Hawakuwa wajinga, maana transfoma kubwa ni nzito na ndiyo yenye nguvu. Ila wauzaji nao waliwajua. Siku moja niliifungua amplifaya ya mteja mmoja nikakuta nusu tofali imefungwa kwa waya pembeni ya transfoma, imepakwa rangi nyeusi kabisa. Mwenyewe alikataa nisiitoe. Alisema amezoea uzito wake.

Halafu kuna chanya na hasi. Spika zote mbili lazima zisukume pamoja. Chukua betri ya tochi, gusisha kwenye waya za spika. Koni, ile karatasi ya mbele ya spika, ikitoka nje, waya uliogusa kichwa cha betri ndio chanya, utie alama kwa uzi mwekundu. Ukigeuza spika moja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na besi inapotea. Niliwahi kufanya kosa hilo kwenye baa moja karibu na stesheni. Mwenye baa alikaa siku nne akilalamika kwamba besi imekwenda likizo, na mimi nikamlaumu aliyerekodi kaseti.

Mnacheka. Na mimi nilicheka. Ndio ugonjwa wangu huo ninaotaka muuone mapema.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja mfupi wa Karema aliyeitwa Leonsi, fundi wa redio tangu enzi za valvu. Mlango wa karakana yake kwa ndani ulikuwa mweusi kama ubao wa shule, na juu yake aliandika kwa chaki makosa yake mwenyewe. Si makosa ya wateja, wala ya umeme. Yake. "Redio ya katekista, niligeuza betri, nikaunguza." "Spika ya Bwana Shamba, nilitoboa kwa bisibisi." Mteja akija anasoma yote. Mimi nikiwa kijana niliona aibu kwa niaba yake. Nilimwuliza, "Mzee, huoni unawafukuza watu?" Akanijibu, "Wensi, mtu akijua ninakosea wapi, siku nikimwambia kosa si langu ataniamini." Kisha akaendelea kuchomelea. Nilipofungua karakana yangu mjini Mpanda, mlango niliupaka rangi ya bluu nzuri, na chaki sikununua.

Sasa nafika kwa Maduhu.

Maduhu alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Kakese na mifugo yake akitokea kaskazini. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na kitu kwa baiskeli, kiangazi. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwanamke wa makamo, mrefu, anayelima kwa jembe la ng'ombe mwenyewe bila kusaidiwa na mwanamume. Mdogo aliitwa Minza. Na Maduhu sifa yake kwa bonde zima ilikuwa haki. Akinunua kitenge ananunua viwili. Akinunua chumvi anaigawa mbele ya wote wawili, wakiangalia. Alisema nyumba ya mtu mwenye wake wawili inabomoka kwa kijiko kimoja.

Aliagiza spika kutoka Tabora zikaja kwa treni zimefungwa ndani ya godoro, pamoja na amplifaya, deki ya kaseti na jenereta ndogo. Nilipofika kuzifunga nikamwuliza zinakaa wapi.

"Moja kwa Mama Kulwa, moja kwa Minza," alisema.

"Mzee, hizi ni pacha. Zinakaa chumba kimoja."

"Kulwa na Doto nao ni pacha, na kila mmoja ana kitanda chake. Nyie mafundi fungeni tu."

Nikacheka, nikafunga. Amplifaya tuliiweka kwenye chumba chake cha katikati. Spika ya kushoto ikaenda kwa Mama Kulwa, hatua arobaini, ya kulia kwa Minza, hatua kumi na mbili. Hapo andikeni kwenye daftari: waya mrefu hula sauti. Kama nyumba moja ni ya mbali, ipe waya mnene zaidi. Nilifanya hivyo, na kwa masikio yangu nyumba zote mbili zilikuwa sawasawa. Niliondoka najiona bingwa.

Kosa lilikuwa ndani ya kaseti. Nyimbo nyingi za wakati ule walizirekodi wakiweka magita upande mmoja na mwimbaji upande wa pili, ili ukikaa katikati ya spika zako usikie bendi imejipanga mbele yako. Ukizitenganisha kwa nyumba mbili, nyumba moja inapata magita na nyingine inapata mwimbaji. Hilo nililijua. Nililijua tangu kwa Leonsi. Ila siku ile sikulifikiria, nilifikiria waya tu.

Wiki mbili baadaye Maduhu alinifuata mwenyewe mjini, uso umekunjamana. "Fundi, nyumba yangu inawaka moto," alisema. Mama Kulwa alikuwa ameuliza kwa nini kwake wanapiga magita tu na kwa mwenzake wanaimba. Maduhu akaapa hajafanya kitu. Mama Kulwa akaenda kwa Minza, akakaa, akasikiliza wimbo uleule, akasikia mwanamume anaimba maneno ya mapenzi. Akatoka akasema mbele ya majirani, kwa sauti, "Mwenzangu anaimbiwa, mimi napigiwa ala. Bora life tu hilo dude, tukose wote." Maneno ya hasira, ambayo mke yeyote angeweza kuyasema. Nawaomba myakumbuke.

Nilikwenda Jumapili alasiri. Nikakuta wageni wamejaa uani, mpunga umeshavunwa, nyama iko jikoni, na Maduhu amekwisha kuwatangazia kwamba fundi anakuja kuwaonyesha haki. Nilimweleza Mama Kulwa tatizo lenyewe. Alinielewa kuliko wanaume wote pale.

"Kumbe bendi ni moja, nyie mmeipasua katikati," alisema.

"Ndiyo, Mama. Sasa nitaichanganya, kila nyumba ipate yote."

Hapa ndipo mlipoomba nifike, kwa hiyo sikilizeni. Kuchanganya pande mbili kunafanyika kabla ya amplifaya, sauti ikiwa bado ndogo. Waya mbili zinazotoka kwenye deki unazikutanisha kupitia rizista mbili ndogo zinazolingana, vile vipande vya kupunguza umeme, kisha unazipeleka kwenye matundu yote mawili ya kuingilia. Basi. Hazikutanishwi kabisa upande wa kutokea, huko nyuma sauti imeshakuwa na nguvu. Rizista zangu zilikuwa ndani ya kopo, kopo liko juu ya meza, meza iko mjini. Kurudi kuzifuata na kufika tena ingekuwa jua limezama na wageni wameondoka. Nilitakiwa kusema, "Mzee, nimesahau kifaa, nitamalizia kesho." Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Dakika tano."

Nikachukua waya wa kutokea wa kushoto na wa kulia, nikaanza kuzisokota pamoja. Mikono miwili haikutosha. Mama Kulwa akapiga magoti akanishikia ncha. Akatazama, kisha akauliza, "Mdogo wangu, hizi si ng'ombe wawili? Huyu anataka kwenda huku, yule anataka kule. Ukiwafunga nira moja, si wataivunja?"

Kwa miaka yangu yote ya kazi sijasikia mtu akilieleza kosa lile vizuri hivyo. Ndivyo hasa inavyokuwa. Kila upande wa amplifaya unamvuta mwenzake, na transista zinabeba ugomvi mpaka zinapasuka. Baadaye nimewafundisha wengi kwa mfano huo wa ng'ombe, na sikuwahi kuwaambia ni wa nani. Siku ile nilicheka tu, nikamwambia, "Mama, hii si jembe."

Tukawasha. Sauti ikiwa ndogo, ikafanya kazi. Mwimbaji alifika kwa Mama Kulwa, magita yakafika kwa Minza, wageni wakapiga makofi. Mama Kulwa alisimama mlangoni kwake ameshika kiuno, akasema, "Leo na mimi naimbiwa!" Akacheka, akaingia ndani. Maduhu kwa furaha akaongeza sauti. Akaongeza tena. Niliona, sikumzuia.

Wimbo wa tatu Mama Kulwa alikuja kwenye chumba cha amplifaya na kibuyu cha maziwa mgando, shukrani yake kwangu. Alikuwa amesimama kizingitini, kibuyu mkononi, ndipo moshi ulipotoka. Kukawa kimya nyumba zote mbili. Wageni wakaja mbio, na walichokiona ni mwanamke aliyesema bora life, amesimama mbele ya kitu kilichokufa, ameshika kibuyu.

Nikafungua kifuniko. Transista nne zimepasuka, mbili kushoto, mbili kulia, ziko wazi kama meno. Nilijua kabla sijafungua.

Maduhu akauliza mbele ya watu wote, "Fundi, imekufaje?"

Vijana, mimi nilikuwa na jina. Bonde zima redio zao zilipita mkononi mwangu. Nilitazama zile nyuso, nikafikiria mlango wangu wa bluu, nikasema, "Hii sijawahi kuiona. Vitu vingine havielezeki."

Hakuna aliyetaja uchawi. Hakukuwa na haja. Mimi ni Mkonongo, nimezaliwa huku, najua neno kama lile likitoka kinywani mwa fundi linakwenda kutua wapi. Kwetu pia lingetua hapohapo. Niliona macho ya watu yakienda kwenye kibuyu.

Mama Kulwa akaniambia taratibu, "Fundi, na zile waya?"

"Waya ziko sawa," nikajibu.

Aliniangalia. Aliinama akaweka kibuyu chini, polepole sana, mtu asije akasema amekimwaga kwa makusudi. Nilikuwa nimeshazifungua zile waya wakati wa moshi, kila moja imerudi kwenye tundu lake. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe kabla kichwa hakijaamua. Hata leo siielewi mikono hii.

Siku zilizofuata wazee walikaa kikao, na wakaenda kwa mganga. Sikuwepo, nilisikia sokoni kama watu wengine. Mganga aliuliza kama kuna mtu alitamka jambo, wakamwambia aliyetamka. Maduhu, mtu wa haki, alimgawia Mama Kulwa hata katika kumfukuza. Alimpa nguo zake zote, jembe lake, debe la mchele na nauli ya treni mpaka kwao. Watoto walibaki.

Kabla ya kuondoka alikuja karakana kwangu. Ilikuwa asubuhi, nina redio imefunguliwa mezani. Hakukaa.

"Sikuja kukugombeza," alisema. "Mimi nikiwaeleza habari ya waya, nani atanisikia? Wewe watakusikia. Njoo useme tu. Hata usiseme umekosea. Sema imekufa kwa kazi, kama vinavyokufa vitu."

"Nitakuja, Mama."

"Treni ni kesho."

"Nitakuja leo jioni."

Sikwenda. Nilijiambia baiskeli ina pancha, na kweli ilikuwa na pancha, na sanduku la viraka lilikuwa mfukoni mwangu. Kesho yake treni ilipopiga honi nilikuwa nimekaa kwenye meza hiyohiyo, na kutoka karakana kwangu mpaka stesheni ni karibu kiasi kwamba ningeweza kumwona akipanda kama ningetoka mlangoni. Niliongeza sauti ya redio ya mteja mpaka honi ikazama. Nasikia wanasema moyo unauma. Wangu haukuuma siku ile, ulikuwa umekufa ganzi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Maumivu yalikuja baadaye na hayajaondoka. Nimezeeka nayo. Nimeuliza watu waliokwenda kule kwao kama wanamjua mwanamke mrefu, mama wa mapacha. Mmoja alisema yupo, anaishi peke yake mwisho wa kijiji, kwa sababu habari ilitangulia kufika. Wa mwaka uliofuata alisema hayupo. Sikuthubutu kuuliza hayupo namna gani.

Masika yalipokwisha Maduhu aliniita nikatengeneze amplifaya. Nilibeba transista mpya, na nilibeba uamuzi. Njia nzima niliyarudia maneno: mzee, niliiunguza mimi.

Nikachomelea, nikapima, kila upande ukakaa sawa. Nikauliza spika zinakwenda wapi. Akanionyesha nyumba ya Minza. Zote mbili ziliwekwa ukuta mmoja, hatua nne kati yake, zimegeuziwa ndani kidogo kuelekea kwenye viti. Nikapima chanya na hasi kwa betri ya tochi. Waya fupi, zinazolingana. Vijana, andikeni vipimo hivyo, kwa sababu ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya maishani. Nikaweka kaseti ileile. Magita kushoto, mwimbaji kulia, wanajibizana.

Nikageuka nikamwambia Maduhu. Nilimwambia yote, waya nilizosokota, rizista nilizosahau, Mama Kulwa alivyonionya, nilivyozifungua wakati wa moshi. Nilisema, "Mkeo hana kosa. Mrudishe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega kwa upole, kama mtu anayemtuliza mfiwa.

"Fundi Wensi, una roho nzuri," alisema. "Unataka kujitwika ili yeye apone. Lakini wewe umetengeneza redio za bonde hili lote, hujaharibu hata moja. Wewe unaweza kuua amplifaya?"

"Nimeharibu nyingi, mzee."

"Zipi?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na mlango wa kumwonyesha.

Maduhu akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye spika. "Halafu sikiliza mwenyewe. Tangu aondoke yule, si unaona sauti imekaa sawa?"

Nikasikiliza. Magita yalikuwa yanaita upande huu na mwimbaji anaitikia upande ule, hakuna kilichopungua.